Picha za Chapa za Magofu ya Roma: Namna ya Kumfundisha Mtoto Kuihoji Picha ya Historia

UTANGULIZI

Picha iliyomo katika kitabu cha historia aghalabu hupokewa kama pambo. Mwalimu husoma maneno yaliyoandikwa chini yake, wanafunzi huitazama kwa muda mfupi, kisha somo husonga mbele kana kwamba picha ile haikuwapo. Hata pale inapotazamwa kwa makini zaidi, hutazamwa kama dirisha: "Hivi ndivyo mambo yalivyokuwa." Katika hali zote mbili mtoto hukosa kujifunza jambo moja kubwa, nalo ni kwamba picha ilifanywa na mtu, katika wakati fulani, kwa ajili ya wanunuzi fulani, na kwamba mtu huyo anaweza kuhojiwa kama shahidi yeyote anavyohojiwa barazani.

Jambo hili si dogo. Mtoto aliyezoezwa kusadiki kila kilichopigwa chapa atakuwa mtu mzima anayesadiki kila kilichopigwa chapa. Kwa upande mwingine, mtoto aliyeambiwa kwamba picha za kale ni uongo mtupu atatupa ushahidi mwema pamoja na ule mbovu. Kazi ya mwalimu ni kumwongoza mtoto kati ya njia hizo mbili, ili aisikilize picha, aipime, kisha aamue lipi la kukubali na lipi la kuacha.

Katika makala haya tumechagua picha za chapa zinazoonyesha magofu ya Roma ya kale, zilizotengenezwa kati ya karne ya 16 na ya 18. Tumezichagua kwa sababu ya kikazi. Mengi ya magofu yaliyochorwa yangali yamesimama hata leo. Kwa hiyo tunaweza kuiweka picha kando ya jengo lenyewe na kuona ni wapi mchoraji alisema kweli na ni wapi alitia chumvi. Fursa ya namna hiyo haipatikani kwa kila picha ya historia. Mwalimu akiisha kujizoeza hapa, ataweza kuihoji picha nyingine yoyote.

NAMNA PICHA YA CHAPA INAVYOTENGENEZWA

Kabla ya kuuliza picha inasema nini, yafaa tujue ilitengenezwaje. Mchoraji alichukua bamba la shaba lililosuguliwa hadi likang'aa, akalipaka mchanganyiko wa nta na utomvu, kisha akachora juu yake kwa sindano ya chuma. Sindano iliondoa nta na kuiacha shaba wazi. Bamba lilipotiwa katika tindikali, tindikali ilikula shaba pale tu ilipoachwa wazi, ikafanya mifereji myembamba. Mistari iliyoachwa katika tindikali kwa muda mrefu ikawa na kina kikubwa zaidi, na ilipochapwa ikatoa weusi mzito. Hatimaye bamba lilipakwa wino, likafutwa juu ili wino ubaki ndani ya mifereji tu, likawekewa karatasi yenye unyevu, likapitishwa kwa nguvu kati ya magogo mawili ya mtambo.

Mambo mawili yanafuata kutokana na ufundi huu. Kwanza, bamba moja liliweza kutoa nakala nyingi, na hivyo picha moja ya Roma ilifika katika nyumba za watu wasiowahi kuikanyaga Italia. Pili, kilichochorwa upande wa kulia wa bamba hutokea upande wa kushoto wa karatasi. Mchoraji mwangalifu alikichora kila kitu kinyume ili kitoke sawasawa. Asiyejali alitoa Roma iliyogeuzwa, kama mtu ajitazamavyo katika kioo.

Jambo hili la pili ni rahisi kulionyesha darasani bila gharama. Mwalimu akate kiazi au kipande cha muhogo, achonge herufi R kama inavyoandikwa, akipake rangi, akigandamize juu ya karatasi. Watoto wataiona herufi imegeuka. Ndipo awaulize: "Je, mchoraji wa mji angefanyaje ili mto usihamie upande usio wake?" Kwa jaribio hilo la dakika 5 watoto watakuwa wamekwisha kuelewa kwamba kati ya jengo na picha pana mikono ya fundi.

MACHUNGA KATIKATI YA DOLA

Mahali palipochorwa mara nyingi ni Uwanja wa Baraza wa Roma, ambao Warumi waliuita Forum. Hapo ndipo palipokuwa na mahakama, mahekalu, na nyumba ya Baraza la Wazee wakati Roma ilipotawala nchi zote zinazoizunguka Bahari ya Mediterania. Mwanafunzi aliyesikia sifa hizo hutarajia kuona fahari. Akitazama picha za karne ya 18 ataona ng'ombe.

Wenyeji wa Roma wa zama hizo waliuita uwanja huo Campo Vaccino, yaani Uwanja wa Ng'ombe, kwa kuwa ulikuwa mahali pa mnada wa mifugo. Katika picha tunaona wachungaji, mikokoteni, na bakuli kubwa la jiwe la matale lililotumiwa kunyweshea wanyama. Tunaona pia kwamba ardhi imepanda. Tao la Septimius Severus, lililojengwa mwaka 203 B.K. na lenye kimo cha karibu mita 21, limezama. Matao yake mawili madogo ya pembeni yanaonekana sehemu ya juu tu. Nguzo tatu za hekalu lililo karibu na hapo zimefukiwa zaidi ya nusu ya kimo chake, na watu wameketi pale ambapo zamani palikuwa juu sana ya vichwa vya wapita njia.

Udongo huo ulitoka wapi? Hili ndilo swali la kwanza ambalo picha inatufanya tuulize, na ambalo orodha ya wafalme na vita haituulizi. Mji wa Roma, uliokuwa umejaa watu katika karne za mwanzo B.K., ulipungukiwa mno na wakazi baada ya dola kuanguka upande wa magharibi. Mifereji ya kupitishia maji ya mvua ikaziba. Mafuriko yalileta matope, kuta zilianguka na kuwa vifusi, na taka zikarundikana kwa mamia ya miaka. Hakuna aliyeufukia uwanja kwa makusudi. Uliachwa tu, na kuachwa kukatosha.

Swali la pili ni hili: mawe yalikwenda wapi? Wanafunzi wengi husoma kwamba Roma ilibomolewa na wavamizi kutoka kaskazini. Ni kweli kwamba mji ulitekwa mwaka 410 na tena mwaka 455, ukaporwa. Lakini mporaji mwenye haraka hubeba dhahabu na fedha. Habebi nguzo za mawe. Sehemu kubwa ya ubomoaji ilifanywa na wakazi wa Roma wenyewe, kidogo kidogo, kwa muda mrefu. Marumaru ilichomwa katika matanuri ili kupata chokaa. Uwanja mkubwa wa michezo uitwao Colosseum, uliofunguliwa mwaka 80 B.K. na wenye ukuta wa nje wa kimo cha karibu mita 48, ulibomoka upande mmoja kwa tetemeko la ardhi la mwaka 1349, na mawe yaliyoanguka yakageuka machimbo ya wajenzi. Hesabu za utawala wa Papa Nicholas wa 5 zinaonyesha kwamba katika karne ya 15 zaidi ya mikokoteni 2,000 ya mawe ilichukuliwa hapo katika muda usiozidi mwaka mmoja. Mawe hayo yalijengea makanisa, madaraja na majumba ya wakubwa.

Basi mtoto anayeitazama picha ya Colosseum lenye ubavu mmoja mzima na mwingine uliomeguka haoni kazi ya vita. Anaona tetemeko, na baada ya tetemeko anaona mahitaji ya wajenzi. Mwalimu akilifikisha somo hapo, amefundisha sababu za kihistoria kwa kina kuliko yule anayetaja mwaka wa kuanguka kwa dola na kuishia hapo.

PICHA ILIYOBAKI BAADA YA JENGO

Kuna picha ambazo thamani yake ni kubwa kupita kiasi, kwa kuwa jengo lililochorwa halipo tena.

Septimius Severus, tuliyekwisha kutaja tao lake, alizaliwa Leptis Magna, mji uliokuwa katika nchi iitwayo Libya siku hizi. Mwaka 203 alijenga chini ya kilima cha Palatino ukuta mrefu wa fahari, wenye ghorofa tatu za nguzo, ulioitwa Septizodium. Mwandishi mmoja wa kale alieleza kwamba nia ya mfalme huyo ilikuwa wageni watokao Afrika wakutane na jengo lake wanapoingia Roma. Kufikia karne ya 16 ilibaki kona moja tu, lakini ilikuwa ingali na ghorofa zote tatu. Hieronymus Cock wa Antwerp aliiweka katika picha zake alizozichapa mwaka 1551, na Mfaransa Étienne Dupérac katika kitabu chake cha magofu cha mwaka 1575. Mwaka 1588 na 1589 Papa Sixtus wa 5 aliibomoa, na mawe yake yakatumiwa katika majengo mapya ya mji.

Hali kadhalika hekalu la Minerva katika Uwanja wa Nerva. Dupérac alilichora likiwa na nguzo zake. Mwaka 1606 Papa Paulo wa 5 alilibomoa ili apate marumaru, nayo ikatumika kwa chemchemi kubwa ya maji juu ya kilima cha Janiculum. Leo atakaye kujua majengo hayo mawili yalionekanaje hana budi kuwaendea wachoraji. Laiti wangelikaa nyumbani, tungelibaki na majina matupu.

Hapa yafaa mwalimu asisitize tofauti kati ya kusema "picha si kamilifu" na kusema "picha haina faida". Shahidi mmoja mwenye upungufu ni bora kuliko kukosa shahidi kabisa, maadamu tunaujua upungufu wake.

PICHA INAPOTIA CHUMVI

Mchoraji mashuhuri kuliko wote wa magofu haya ni Giovanni Battista Piranesi. Alizaliwa mwaka 1720 karibu na Venice, akajifunza usanifu wa majengo, akafika Roma mwaka 1740, na huko akafariki mwaka 1778. Mfululizo wake wa picha za Roma una mabamba 135, aliyoyatengeneza kwa muda wa miaka 30 hivi. Mwaka 1756 alitoa pia vitabu vinne vikubwa juu ya majengo ya kale, vyenye mabamba zaidi ya 200. Katika utangulizi wa vitabu hivyo alieleza kwamba mabaki ya mji wa kale yalikuwa yakipungua siku hata siku, ama kwa kuharibiwa na wakati, ama kwa tamaa ya wenye mali walioyavunja na kuyauza kuwa mawe ya kujengea. Kwa hiyo aliazimia kuyahifadhi katika karatasi.

Nia hiyo ilikuwa njema, na kazi yake ya kupima na kuchunguza ilikuwa kubwa. Hata hivyo Piranesi alikuwa na mambo mengine mawili moyoni. Kwanza, aliishi kwa kuuza picha. Wanunuzi wake walikuwa hasa wageni matajiri, wengi wao vijana wa Kiingereza waliosafiri kwenda Italia ili kukamilisha elimu yao, nao walitaka kurudi nyumbani na Roma ya kustaajabisha. Pili, alikuwa na hoja ya kutetea. Wataalamu kadhaa wa zama zake walisema kwamba Warumi waliiga tu kutoka kwa Wayunani. Piranesi aliwapinga kwa nguvu, na mwaka 1761 alitoa kitabu kizima kuwasifu Warumi na majengo yao. Mtu mwenye hoja kama hiyo hawezi kulichora jengo la Kirumi likiwa dogo.

Mbinu aliyoitumia inaonekana wazi mara tukiisha kuijua. Aliwachora watu wadogo mno, mara nyingi ombaomba wenye nguo chakavu wanaorusha mikono juu, na kwa kuwa jicho letu hulipima jengo kwa kimo cha mtu, jengo likatokea kuwa kubwa kuliko lilivyo. Tena alichagua kusimama chini na pembeni, ili ukuta upande juu na kukimbilia mbali. Mshairi wa Kijerumani Goethe, aliyezuru Roma miaka michache baada ya kifo cha Piranesi, alipofika kwenye magofu ya mabafu ya kale aliyokuwa akiyajua kwa picha za mchoraji huyo, hakuridhika. Picha zilikuwa zimemwahidi zaidi.

Jambo hili linaweza kuthibitishwa kwa hesabu ya shule ya msingi. Roma kuna kaburi lenye umbo la piramidi, la mtu aliyeitwa Cestius, lililojengwa katika karne ya 1 K.K. Kimo chake ni karibu mita 36. Tuseme kwamba katika picha mtoto amempima mtu aliyesimama chini ya piramidi akapata milimita 5, na piramidi yenyewe milimita 150. Piramidi ni mara 30 ya mtu. Tukimkadiria mtu kuwa na mita 1.7, piramidi ingekuwa na mita 51. Mchoraji ameongeza mita 15. Tarakimu za picha ni za kufikirika, na kila darasa litapata zake. Lakini njia ya kupima ni hiyohiyo. Furaha ya mtoto anayemgundua mchoraji mashuhuri akitia chumvi, kwa kutumia rula yake mwenyewe, haifutiki upesi.

Mwalimu aangalie asimpeleke mtoto kwenye hukumu ya haraka kwamba Piranesi alikuwa mwongo. Aulize badala yake: "Kwa nini alitaka tulione jengo hili kuwa kubwa hivyo?" Jibu la swali hilo linatufundisha habari za Roma ya mwaka 1750, na hiyo nayo ni historia.

MAANDISHI YALIYO CHINI YA PICHA

Watoto huamini maandishi kuliko mchoro, na walimu vilevile. Picha hizi zinatuonya. Zile nguzo tatu zilizozama, tulizozitaja hapo juu, Piranesi aliziandika kuwa ni hekalu la Jupita wa Ngurumo. Siku hizi zinajulikana kuwa ni za hekalu la mfalme Vespasian. Karibu na hapo palikuwa na nguzo moja ya upweke ambayo watazamaji waliibunia majina mbalimbali. Mwaka 1813 udongo ulipoondolewa chini yake, yalipatikana maandishi kwenye kitako, ikajulikana kwamba ilisimamishwa mwaka 608 kwa heshima ya mfalme Phocas. Jembe likasahihisha kitabu.

Kwa hiyo mchoro waweza kuwa sahihi na jina likawa kosa. Mwanafunzi afundishwe kuyatenga mambo haya mawili: mchoraji alikiona nini, na mchoraji alidhani ni nini.

KUKADIRIA TAREHE YA PICHA

Si kila picha ina mwaka. Lakini majengo yenyewe yanabeba alama za wakati, na kazi ya kuzitafuta huwapendeza watoto kama kitendawili. Tunataja chache zilizo hakika:

(a) Ikiwa Septizodium limesimama, mchoro wa asili ulifanywa kabla ya 1589.

(b) Ikiwa ndani ya Colosseum pana vituo vidogo vya sala vilivyopangwa kwa duara, picha ni ya baada ya kati ya karne ya 18, Papa Benedikto wa 14 alipolitenga jengo hilo kwa kumbukumbu ya mashahidi wa dini. Vituo hivyo viliondolewa mwaka 1874.

(c) Ikiwa ubavu wa mashariki wa Colosseum umeegemezwa kwa ukuta mkubwa wa matofali, picha ni ya baada ya mwaka 1807 hivi, egemeo hilo lilipojengwa.

(d) Ikiwa bakuli la kunyweshea ng'ombe lingali katika Uwanja wa Ng'ombe, picha inaonyesha hali ya kabla ya mwaka 1818, bakuli lilipohamishiwa kilima cha Quirinal.

Hata hivyo tuwe na tahadhari. Wachapaji waliiga picha za wenzao, na nakala iliyochapwa baadaye huweza kuonyesha jengo lililokwisha kubomolewa. Alama hizi zinatuambia umri wa kile kilichoonwa, wala si lazima umri wa karatasi.

MAANA YA MAGOFU ILIBADILIKA

Alama hizo zinatufikisha kwenye kiini cha somo. Gofu ni lilelile, lakini kila kizazi kililisoma kwa namna yake. Kwa mwenye tanuri lilikuwa chokaa. Kwa mchungaji lilikuwa kivuli cha mchana. Kwa Papa Benedikto wa 14 lilikuwa mahali pa sala. Kwa mwanahistoria wa Kiingereza Edward Gibbon, ambaye alieleza kwamba wazo la kuandika juu ya kuanguka kwa Dola ya Kirumi lilimjia alipokuwa ameketi katikati ya magofu ya Roma mwaka 1764, lilikuwa swali: dola yenye nguvu namna ile ilikufaje? Kwa wachimbaji wa mambo ya kale wa karne ya 19, walioondoa udongo na kuwahamisha ng'ombe, lilikuwa kitabu cha kufunuliwa ukurasa baada ya ukurasa.

Picha za chapa zilikuwa sehemu ya mabadiliko hayo. Ziliwafundisha watu wa Ulaya kuliona gofu kuwa kitu cha kutunzwa. Jiwe lililochorwa na kujulikana na maelfu ya watu lilikuwa gumu zaidi kuvunjwa kimyakimya. Chumvi ya Piranesi ilidanganya kimo, lakini huenda ilisaidia kuokoa mawe.

SOMO LA MFANO

Somo hili linafaa darasa la sita au la saba, kwa kipindi cha dakika 40. Makumbusho na maktaba nyingi za dunia zimeziweka picha hizi katika intaneti, na mwalimu anaweza kupata nakala moja ya kubandika. Asipopata, achore ubaoni muhtasari wa tao lililozama nusu, mtu mdogo, na ng'ombe wawili. Hiyo yatosha kuanzia.

Hatua ya kwanza: Kuona (dakika 8). Wanafunzi wataje wanachokiona tu, bila kueleza maana. Mwalimu aandike ubaoni. Mtoto akisema "Naona hekalu," aulizwe, "Umeona nini kilichokufanya useme ni hekalu?" Arudi kwenye nguzo na paa.

Hatua ya pili: Kuuliza (dakika 10). Kila kikundi kitunge maswali matatu ambayo picha inayaleta. Mwalimu asiyajibu upesi. Maswali kama "Mbona nguzo ni fupi?" na "Mbona kuna ng'ombe?" yanatosha kubeba somo zima.

Hatua ya tatu: Kupima (dakika 10). Wanafunzi wapime mtu na jengo kwa rula, wakokotoe, kisha wapewe kimo halisi.

Hatua ya nne: Kumhoji mchoraji (dakika 8). Mwanafunzi mmoja akae mbele awe Piranesi, akiwa ameelezwa habari zake mapema. Wenzake wamhoji: Ulisimama wapi? Nani atainunua picha yako? Ulikipima, au ulikikisia? Mbona watu wako ni wadogo?

Hatua ya tano: Kuhitimisha (dakika 4). Kila mwanafunzi aandike sentensi mbili: moja inayoanza "Picha hii inatuhakikishia kwamba...", na nyingine inayoanza "Picha hii pekee haitoshi kutuhakikishia kwamba...". Sentensi hizi mbili ndizo kipimo cha somo. Anayeweza kuandika ya kwanza pekee bado anasadiki kila kitu. Anayeweza kuandika ya pili pekee bado hajajifunza kusikiliza.

Kosa la kawaida la wanachuo katika mazoezi ya kufundisha ni kueleza yote katika dakika 5 za mwanzo, kwa hofu ya ukimya. Ukimya wa watoto wanaotazama si ukimya wa watoto wasiojua. Uvumilie.

KUTOKA ROMA HADI KILWA

Ufundi uleule wa mabamba ya shaba ulizichora pwani zetu. Mwaka 1572, miaka mitatu kabla ya kitabu cha Dupérac, Georg Braun na Frans Hogenberg walianza kutoa mjini Köln, Ujerumani, kitabu kikubwa cha picha za miji ya dunia. Katika ukurasa mmoja waliziweka Aden, Mombasa, Kilwa na Sofala. Wao wenyewe hawakuwa wamefika Kilwa. Walitegemea habari za wengine.

Kilwa Kisiwani magofu ya Msikiti Mkuu na ya Husuni Kubwa yangali yapo, nayo yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Kwa hiyo kazi tuliyoifanya kwa Roma yaweza kufanywa kwa Kilwa: picha upande mmoja, gofu upande wa pili, na maswali yaleyale katikati. Nani alichora? Aliona au alisimuliwa? Kwa ajili ya nani? Mtoto atakayeuliza hivyo mbele ya picha ya Kilwa iliyochapwa Ulaya hatapokea historia ya pwani yake kwa macho ya mgeni bila kuipima, wala hataitupa karatasi ambayo pengine imehifadhi jambo la kweli.

HITIMISHO

Tumeona kwamba picha moja ya gofu ina nyakati mbili ndani yake: wakati jengo lilipojengwa, na wakati lilipochorwa. Anayefundisha wakati wa kwanza peke yake amefundisha nusu. Tumeona pia kwamba shahidi anaweza kukosea jina akapatia umbo, akazidisha kimo akahifadhi sura, akauza kwa faida na bado akaokoa kile ambacho wengine walikivunja. Mwalimu ajizoeze kuyatenganisha mambo haya kwanza yeye mwenyewe, akiwa na picha na rula mezani, kabla hajasimama mbele ya darasa.

MASWALI YA KUJADILIWA NA WANACHUO

1. Chagua picha moja katika kitabu cha kiada cha historia unachokitumia. Je, mchoraji au mpiga picha ametajwa? Kama hakutajwa, utamsaidiaje mwanafunzi aihoji picha hiyo?

2. Katika mtaa au kijiji ulichotoka, kuna jengo lililoachwa? Wenyeji wanalitumiaje? Linganisha na Uwanja wa Ng'ombe wa Roma.

3. Tunga andalio la somo la dakika 40 juu ya picha ya kale ya mji wowote wa pwani ya Afrika Mashariki, kwa kufuata hatua tano zilizoelezwa hapo juu.